Mishono ya Mama Mado

Furaha, binti yake Mama Mado, alinipigia simu asubuhi kuniambia mama yake amekufa, nami nikamaliza kwanza kuchambua mchele. Sikulia. Nilisema pole, nikauliza mazishi ni lini, nikarudi kwenye ungo wangu. Wajukuu wakanitazama kama mchawi. Na watazame! Mwanamke yule alinitukana mwaka mzima nilipokuwa na miaka kumi na tisa, na matusi ya ujanani hayazeeki pamoja na mtu. Lakini nilipofunga mkoba wa safari ya Arua, chini kabisa, chini ya kitenge cha msibani, nilitia fulana moja ya sufu, ngumu kama ngozi kavu ya mbuzi, iliyoungwa vipande vipande. Fulana hiyo nilikuwa nimeificha zaidi ya miaka arobaini. Niliazimia safari hii niitoe mbele ya watu wake, niseme ilivyokuwa. Njia nzima kutoka Koboko nilikuwa nikipanga maneno ya kusema, nikiyapangua, nikiyapanga tena.

Mwaka wenyewe ni wa sabini na nne. Mambo ya ukoo wetu nayaacha. Inatosha kujua kwamba mimi ni Kiden wa Lurujo, huko Koboko, kwamba nilikuwa na kaka mmoja aitwaye Wani, na kwamba nilimpenda kuliko mtu yeyote niliyepata kumpenda, wakiwemo waume zangu wawili. Nilikuwa nimepanga chumba Manibe, na kila asubuhi nilitembea mpaka mjini Arua kushona kwa Mama Mado, Mkongo aliyekuwa na cherehani mbili katika chumba kimoja chenye mlango wa mbele na wa nyuma. Cherehani nzuri ilikuwa yake. Yangu ilikuwa inakata uzi kila baada ya shubiri, na kila ilipokata, Mama Mado aliguna bila kuinua macho. Chumba kilinuka mafuta ya mashine, mkaa wa pasi, na sombe, kisamvu cha kwao, aliyoipika nyuma kwa mawese mpaka hata vitambaa vya wateja vikashika harufu. Alikuwa mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na Furaha mgongoni, mtoto wa miezi minane hivi. "Weye mutoto, mukono yako iko ya kulima," aliniambia siku ya kwanza. Siku ya pili akasema watu wa Koboko tunashona kama tunafunga kuku. Nilimchukia tangu siku hiyo, na sikumficha.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na uwanja wa idara moja ya serikali, na ndani ya uwanja tangi la saruji, refu kwenda chini kuliko nyumba, lisilo na paa. Humo ndimo vijana kumi walikuwa wakifundishwa kuzamia, ili baadaye wakakaze vyuma vya vivuko na madaraja chini ya mto. Wani alikuwa mmoja wao, ametolewa kambi ya jeshi. Walivaa suti za mpira zilizofungwa shingoni kwa kofia ya shaba, na wenzao wawili juu wakizungusha pampu ya hewa. Mtihani ulikuwa mmoja tu: ukae chini ndani ya tangi kwa saa nne, ukikaza na kufungua bolti, bila kuvuta kamba ya kuomba kutolewa. Ukisikia hivyo unadhani taabu yake ni pumzi. La. Taabu ilikuwa baridi. Arua iko juu, na maji ya tangi lile yalikuwa hayaoni jua ila likiwa utosini. Wani alikuwa amejaribu mara mbili. Ya kwanza alivuta kamba baada ya saa mbili. Ya pili baada ya saa mbili na nusu, akatoka meno yakigongana hata hakuweza kutamka jina langu.

Kazi ya kushona nguo za kuvaa ndani ya suti hizo alipewa Mama Mado, kwa kuwa Sajenti Onzima, mwalimu wa wazamiaji, alikuwa akila kwake mchana. Idara ilileta jora la pamba nyeupe, nasi tukashona fulana na suruali ndefu za ndani. Siku moja nilikuwa upande wa mbele nikitia vifungo, wao wako nyuma wanakula ugali wa muhogo na samaki mkavu, pazia tu katikati. Nikamsikia Sajenti akisema, "Yule Wani iko mara yake ya mwisho. Akitetemeka tena, anapanda lori kurudi kambini. Mimi hapana weza saidia." Mama Mado akauliza, na huko kambini kuna nini? Sajenti akatafuna kwanza. "Iko mkubwa mmoja huko anangojea yeye. Walikosana. Wale wamerudishwa kwake mwaka huu, hakuna hata moja nimesikia habari yake." Kisha akaomba pilipili. Nakumbuka ile pilipili kuliko kitu chochote, jinsi alivyoiomba kwa sauti ile ile. Sindano ilinichoma kidole nisijue, nikatia damu kwenye kifungo cha bwana mmoja wa posta.

Siku iliyofuata Mama Mado alichukua suti moja ya mpira iliyoletwa kutiwa kiraka, akaingiza mkono ndani, akaunusa. "Hii iko jasho," akasema. Akavuka barabara mwenyewe kwenda kutazama mazoezi, mtoto mgongoni. Aliporudi alikuwa ameshapata jibu ambalo idara nzima haikulipata. Vijana walivalishwa suti na kusimamishwa juani karibu saa nzima, Sajenti akikagua kamba na pampu. Mpira hautoi jasho nje. Pamba inalinywa lote, halafu mtu anashushwa kwenye maji baridi akiwa ndani amevaa kitambaa kilicholowa. "Jua njo linaleta baridi," akasema. "Pamba inakunywa jasho, inakaa nayo. Sufu inaweza kulowa na bado inakupa moto." Nikacheka kwa sauti. Sufu, katika jua lile! Nikamwambia labda kwao Kongo watu wanavaa makoti kwenda kulima. Akaniita kichwa cha mawe, akachukua chupa mbili.

Jaribio lake lilikuwa hivi. Chupa zote mbili akazijaza maji ya moto kutoka birika moja. Ya kwanza akaivika mguu wa soksi ya pamba, ya pili mguu wa soksi ya sufu ya marehemu mumewe, zote zimelowekwa na kukamuliwa, akazining'iniza barazani penye upepo. Tukala. Tukamaliza, tukaosha vyombo. "Gusa," akaniambia. Ile ya pamba ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Ile ya sufu ilikuwa bado na uvuguvugu, kama mtu aliyelala. Niliigusa kwa mkono wangu huu. Nikasema amechezea chupa, moja alitia maji yasiyochemka. Kumbe nilijua hakuichezea. Nilijua pale pale, na nilikasirika kwa sababu nilijua.

Siku ya soko tulikwenda Inde pamoja, hatuongei. Pale palikuwa na wauzaji wa kafa ulaya, nguo za wazungu zilizovuka mpaka kwa marobota, zimerundikwa juu ya maturubai. Lazima niseme ukweli: sijapata kuona mtu akichagua nguo vile. Alivuta nyuzi kutoka kwenye pindo, akaziunguza moja moja kwenye kaa la mchoma mahindi. Uliojikunja ukawa kishanga kigumu, hiyo nailoni, akatupa. Ulionuka karatasi, hiyo pamba. "Nusa," akaniambia ule wa mwisho, na ulinuka nywele zilizoungua. Hiyo ndiyo sufu. Kisha akageuza ndani nje, akapitisha mishono kwenye shavu lake, kwa sababu mshono uliosimama, kofia na mpira vikiukandamiza saa nne, unachimba ngozi. Nguo isibane, ikibana damu haipiti. Isipwaye, ikipwaya joto linakimbia. Wauzaji walimtukana, naye akawarudishia. Kutwa nzima tulipata tatu tu zilizomridhisha: fulana mbili za mikono mirefu na suruali moja ya ndani, nyembamba, laini. Alipima mabega ya Wani kwa kunipima mimi, maana mimi naye tulifanana mabega.

Tukiwa njiani kurudi akanipa nikazifue kwangu Manibe, kwake maji yalikuwa yamekatika. Na hapa ndipo. Alisema hivi, maneno yake ninayo yote: "Sikia, weye. Hapana pika hii nguo. Maji baridi, sabuni kidogo, anika kwa kivuli. Najua ninyi bantu ya Koboko, munapika kila kitu kama mboga. Bashenzi kabisa." Mimi nilisikia tusi, sikusikia onyo. Kwetu Lurujo nguo ya mtu usiyemjua haiingii mwilini mpaka ichemke na majivu. Kuna chawa, ndiyo, lakini si chawa tu. Nguo zile ni za wafu, jina lake lenyewe linasema, na mama zetu hawakukubali jasho la maiti liguse mtoto wao bila kupitia motoni. Vitambaa vyote vya wanajeshi waliorudi vilipita kwenye chungu. Basi nikasema moyoni, huyu mchafu atanifundisha mimi usafi? Atamvalisha kaka yangu chawa wa wazungu? Nitamwonyesha! Jumapili nikabandika chungu kikubwa, nikatia majivu, nikazichemsha mchana kutwa huku nikizigeuza kwa mwiko.

Lo! Nilipoziopoa, fulana zilikuwa za mtoto wa miaka minne. Nilivuta, hazikuvutika. Nzito, nene, ngumu, nyuzi zimeshikana hata huoni ulipoanza ufumaji. Niliketi chini kwenye majivu, nikazitandaza mapajani, na jambo la kwanza nililowaza, Mungu anisamehe, halikuwa Wani. Niliwaza jinsi atakavyonicheka.

Hakucheka. Jumatatu nilizitupa juu ya meza yake, nikasema zimeharibika. Akazishika. Nilingoja matusi, nayo yakaja, kwa Kiswahili na kwa lugha yao, mpaka mtoto mgongoni akaanza kulia. Mtihani ulikuwa keshokutwa, na soko la Inde lilikuwa limekwisha mpaka juma lijalo. Akachukua mkasi, akakata pindo la fulana moja, akalitazama. Halikufumuka. Akalivuta, akalipuliza kwa mdomo, akaweka kiganja upande wa pili. "Ala," akasema polepole. "Upepo hapana pita tena." Akazikata zote tatu vipande, akavipanga sakafuni, kifua, mgongo, mbavu, akitumia mabega yangu kama kipimo. Sindano ya cherehani ilivunjika kwenye kipande cha kwanza, kwa hiyo alishona kwa mkono, vipande vikigusana ncha kwa ncha bila kupandana ili mshono usimchimbe Wani. Alishona kutwa ile na kutwa iliyofuata. Hakupika. Vidole vyake vilitoka damu, akavifunga vitambaa, akaendelea. Alipomaliza aliishikilia kwenye mwanga wa mlango, fulana mbaya kuliko zote nilizopata kuona, kama ramani, akanigeukia. "Iko muzuri kuliko mbele. Labda weye umetusaidia, kichwa ya mawe." Na akatabasamu.

Hapo ndipo nilipomchukia kabisa. Matusi yake niliyazoea. Tabasamu lile lilinivua nguo, na wanasema mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, sikujua kuchutama. Nilijua kutukana tu. Jioni zile mbili, baada ya kazi, nilikuwa nimemshonea Wani fulana yangu mwenyewe kwa mabaki ya jora, pamba tabaka tatu, nyeupe, kola safi, na jina lake nimelitarizi ndani kwa uzi mwekundu. Nilitaka niwe mimi. Sikutaka kaka yangu aokolewe na Mkongo aliyetuita washenzi, kwa kitu nilichokiharibu mimi. Ndivyo ilivyokuwa, na nikikuambia kulikuwa na sababu nyingine nzuri zaidi, nitakuwa nakudanganya.

Asubuhi ya mtihani Mama Mado alikwenda Inde kutafuta sindano za cherehani madukani, akaniachia fulana nimpelekee Wani. Nilimkuta nje ya lango la uwanja akila muhogo wa kuchemsha na simsim, anatania wenzake. Nikampa ile nyeupe. Akaifungua, akaona jina lake, akacheka. "Dada, hii ni ya harusi! Na ile ya sufu? Mama Mado alinipimia kwa mabega yako."

"Imeharibika," nikasema. "Mado ameiharibu."

"Basi," akasema Wani, akinipangusa mkononi unga wa simsim alionipaka, "ya dada inatosha."

Ile nyingine ilikuwa kwenye kapu langu, chini ya kanga, hatua moja kutoka kwake.

Nilisimama langoni na wanawake wanaouza chakula. Waliwavalisha suti wote wanne wa siku hiyo, wakawasimamisha juani, na Sajenti Onzima akawazunguka kama kawaida yake, hana haraka. Niliona uso wa Wani ukimeremeta jasho kabla ya kufungwa kofia. Nikaanza kuhesabu moyoni jasho lile linakwenda wapi. Tabaka tatu za pamba! Nilimpa tatu badala ya moja. Kila saa mlinzi aligonga kipande cha reli kilichoning'inia mtini. Kikagongwa mara ya kwanza. Mara ya pili. Ya tatu. Nikaanza kusema na Mungu, nikimwahidi mambo. Ningeweza kupiga kelele, ningeweza kuingia na kapu langu niseme mtoeni, mbadilisheni nguo. Sikufanya. Kabla reli haijagongwa mara ya nne, wale wa pampu walipiga ukelele, na kamba ya Wani ilikuwa inacheza. Walimtoa, wakamfungua. Midomo ilikuwa ya majivu. Walipomvua fulana yangu waliikamua, ikatoa maji kama imetolewa beseni. Alinitafuta kwa macho langoni, akajaribu kuinua mkono, mkono ukakataa. Kati ya wenzake watatu, wenye pamba tabaka moja, wawili walimaliza.

Lori lilikuja kesho yake asubuhi. Alipanda akiwa na furushi lake, na ile nyeupe ndani, imekauka, nimeipiga pasi. Alisema atafika Koboko kwa sikukuu. Hatukupata barua. Hatukupata mwili. Mpaka leo mama zetu wa Lurujo hawajui wamwombee kama hai au kama maiti.

Mama Mado aliporudi kutoka Inde alikuwa tayari amesikia habari kwa Sajenti. Aliingia, akaweka sindano mezani, akaniuliza, "Ameshindwa?"

"Ameshindwa."

"Na fulana yangu?"

Nilikanyaga cherehani. Akavua miwani, akakaa kwenye kigoda, akafungua vile vitambaa vya vidoleni kimoja kimoja. "Njo ile mishono," akasema. "Baridi imepita kwa mishono. Ningepandisha kipande juu ya kipande. Niliogopa itamuchimba." Alikuwa akiongea na vidole vyake. Kulikuwa na sentensi moja tu ya kusema, fupi, hata mtoto angeiweza. Nilikanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika, na safari hii hakuguna. Toka siku ile hakununua sufu tena, wala hakunitukana tena. Nilimaliza mwaka, nikaacha kazi, nikamwambia kila mtu Koboko kwamba yule Mkongo ni mchawi.

Sabini na tisa tulipokimbia vita, wengi wetu tulivuka kuingia Kongo, na unadhani nilipokelewa na nani? Alikuwa amerudi kwao, ng'ambo tu ya mpaka. Alinipa chumba, akanilisha miezi mitano pamoja na wanangu wawili, akinihudumia kama mtu anayelipa deni. Fulana ilikuwa kwenye bunda langu, chini ya kitanda chake mwenyewe. Sijui kwa nini sikuichoma. Nilimchukia hata hapo. Nilimchukia zaidi kwa kila sahani.

Basi nikafika msibani Arua. Maisha yalikuwa yamemrudisha Mama Mado huko, akafia mtaa ule ule alikokuwa na cherehani. Furaha ni mwanamke mzima sasa, mnene kama mama yake, mwenye sauti ya mama yake. Akaniketisha chumba cha ndani, kwenye mkeka pamoja na wanawake wa kanisani kwao, akaniwekea maji ya kunawa na sahani ya sombe yenye mawese. Harufu ile ile. Nilivuta mkoba mapajani, nikafungua zipu, mkono ukagusa sufu. Maneno yangu yote niliyoyapanga njiani yalikuwa tayari.

"Mama Kiden," Furaha akatangulia, "nina neno la mama. Alisema ukija nikuambie mbele ya watu, asife nalo." Akapiga magoti. "Anasema umusamehe kwa mishono. Kila mwaka alikuwa anasema jina ya kaka yako kanisani. Alisema yeye njo alimuua, kwa kuogopa kupandisha kipande juu ya kipande. Tunakuomba, mama. Umusamehe."

Wote walikuwa wananitazama. Mmoja alikuwa tayari analia.

Nikafunga zipu.

"Nimemsamehe," nikasema.

Wakapiga vigelegele huku wakilia, wakanishika mikono, wakaniita mama mwenye moyo. Furaha akanisogezea sahani. Nikanawa, nikala sombe yote, na waliponiuliza kama wanipakulie tena, nikasema ndiyo.